Kutembea kwa Miguu Penye Wanyamapori: Somo la Siku Moja Hell's Gate na Ziwa Naivasha

Msafiri anayetoka Nairobi kuja Nakuru kwa matatu huona punda milia na nyani kando ya barabara kuu kabla hajapita Gilgil. Kwa wakazi wengi wa Kaunti ya Nakuru, ujirani wao na wanyamapori huishia hapo, dirishani mwa gari. Wengine, hasa wanaoishi karibu na Ziwa Naivasha, wanawajua wanyama hao kwa namna nyingine kabisa, maana kiboko huja usiku kula nyasi karibu na milango yao. Makundi haya mawili yanahitaji somo moja: jinsi ya kutembea mahali penye wanyama, kuwaona vizuri, na kurudi nyumbani salama.

Msimu wa likizo za shule ndio wakati familia, vijana wa makanisa, vyama na vilabu vya mazingira hupanga matembezi. Matembezi hayo huwa na faida kubwa kwa mtoto anayesoma kuhusu wanyama vitabuni tu. Lakini yameshawahi pia kuleta misiba katika kaunti hii, na misiba mingi ya aina hiyo huzuilika kwa maarifa machache. Makala haya yanafuata siku moja ya matembezi, kuanzia alfajiri hadi jioni, na kueleza kinachoonekana njiani, maana yake, na tahadhari inayofaa kila hatua.

Wapi mtu anaruhusiwa kutembea?

Kaunti ya Nakuru ina mbuga 3 za kitaifa, na kanuni zake si sawa.

Mbuga ya Ziwa Nakuru ina ukubwa wa takriban kilomita 188 za mraba na imezungushiwa ua. Ndani yake mna vifaru weusi na weupe, simba, chui na nyati wengi. Humo wageni hubaki ndani ya gari, na hushuka tu katika sehemu zilizotengwa.

Mbuga ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha, ilianzishwa mwaka 1984 na ina takriban kilomita 68 za mraba. Ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya wanyama. Si makao ya simba kama ilivyo Ziwa Nakuru, ingawa nyati wapo na chui pia wapo, japo chui haonekani mara kwa mara.

Mbuga ya Mlima Longonot, iliyoanzishwa mwaka 1983, ni ya kupanda kwa miguu. Kilele chake kiko mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Safari ya kufika ukingoni mwa kreta na kuuzunguka wote huchukua sehemu kubwa ya siku, na juu hakuna maji.

Mbuga zote hizi zinasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ambalo ni la serikali ya kitaifa. Wakazi huuliza mara nyingi kwa nini serikali ya kaunti haipunguzi ada za kuingia. Jibu ni kwamba Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti utalii wa mashinani, lakini mbuga za kitaifa zikabaki mikononi mwa KWS, na ada hulipwa huko. Hali ni tofauti na hifadhi kama Maasai Mara, inayosimamiwa na Kaunti ya Narok, au Ziwa Bogoria, iliyo chini ya Kaunti ya Baringo.

Kwa mtu anayeanza, Hell's Gate ndiko mahali panapofaa zaidi kujifunza. Ni tambarare, barabara yake inaonekana mbali, na wanyama wamezoea kuona watu wakipita.

Alfajiri: maandalizi na lango

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Anayefika mapema hupata faida mbili: jua halijawa kali, na wanyama bado wako wazi wakila kabla ya kutafuta kivuli. Kutoka mjini Naivasha, matatu zinazofuata barabara ya Moi South Lake humshusha abiria kwenye njia panda. Kutoka hapo hadi Lango la Elsa ni mwendo wa takriban kilomita 2, na baiskeli za kukodi zinapatikana. Kabla ya kulipia baiskeli, ni vyema kujaribu breki za mbele na za nyuma, kutazama mnyororo, na kuhakikisha magurudumu yana upepo.

Ada za KWS hulipwa kupitia mfumo wa eCitizen, si kwa pesa taslimu. Anayelipa akiwa nyumbani, palipo na mtandao mzuri, huepuka kupanga foleni langoni. Raia wa Kenya hubeba kitambulisho ili atozwe ada ya raia.

Mizigo iwe michache:

- Maji ya kutosha katika chupa ya kutumika tena. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, vikombe, vijiko na mirija, zimepigwa marufuku katika mbuga zote nchini.
- Viatu vilivyofunika mguu wote. Sandali hazifai kwenye nyasi ndefu na mawe.
- Kofia na sweta. Eneo hili liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hivyo asubuhi huwa baridi na mchana jua huunguza.
- Nguo za rangi tulivu kama kaki, kahawia au kijani kilichofifia.
- Chakula kilichofungwa vizuri ndani ya begi. Nyani na tumbili wanaijua harufu ya ndizi na chapati, na hawaogopi kunyakua.
- Darubini, ikiwa ipo. Familia moja ikiwa na darubini moja, inatosha kupokezana.

Kikundi kizuri kina watu wasiopungua wanne. Mtu mzima mmoja hutangulia na mwingine hufunga msafara, watoto wakiwa katikati. Mtoto akimbiapo mbele peke yake, watu wazima wamsimamishe hapo hapo, hata kama hakuna mnyama anayeonekana.

Asubuhi: kujifunza kuona

Mgeni asiye na mazoea hutazama mbali akitafuta mnyama mzima. Mwenye mazoea hutafuta sehemu: sikio linalotikisika, mkia unaofukuza nzi, au mstari uliolala kwa ulalo mahali ambapo nyasi zote zimesimama wima. Njia rahisi ni kusimama kila baada ya mita mia moja au mia mbili, kunyamaza kwa dakika moja, na kupitisha macho taratibu kutoka kushoto hadi kulia. Dakika hiyo ya ukimya huonyesha mengi kuliko nusu saa ya kutembea watu wakipiga gumzo.

Muda mfupi baada ya lango unasimama mnara wa mawe wenye urefu wa takriban mita 25. Unaitwa Fischer's Tower, kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita eneo hili mwaka 1883. Mnara huo ni masalia ya volkano: mawe yaliyoyeyuka yaliganda ndani ya mkondo wa volkano, kisha tabaka laini zilizoyazunguka zikamomonyoka na kuacha nguzo.

Juu ya mawe hayo huota jua wanyama wadogo wa kahawia wanaofanana na sungura wasio na masikio marefu. Hao ni pimbi. Watoto hushangaa wakiambiwa kwamba miongoni mwa jamaa wa karibu zaidi wa pimbi walio hai leo ni tembo. Alama nyeupe zinazotiririka kwenye miamba yao ni mkojo uliokauka, kwa kuwa pimbi huenda haja mahali pamoja kizazi baada ya kizazi. Alama nyeupe zilizo juu zaidi, kwenye kuta refu za miamba, ni kinyesi cha ndege, na humwonyesha mtazamaji mahali tai wanapotaga.

Uwandani kuna swala wa aina mbili ambao wengi huwachanganya. Swala tomi ni mdogo na ana mstari mweusi mpana ubavuni. Swala granti ni mkubwa zaidi, ana pembe ndefu, na weupe wa makalio yake hupanda hadi juu ya mkia. Kongoni hutambulika kwa uso mrefu na mgongo unaoteremka kuelekea nyuma. Mara nyingi kongoni mmoja husimama juu ya kichuguu akilinda wenzake. Pofu, ambaye ndiye mkubwa kuliko swala wote hapa, huwa na woga na huanza kuondoka watu wakiwa bado mbali.

Twiga nao wana somo lao. Twiga wa Hell's Gate ni wa Kimaasai: mabaka yao yana kingo zilizochanika kama jani la mzabibu, na huteremka hadi chini ya magoti. Twiga wa Mbuga ya Ziwa Nakuru ni wa jamii ya Rothschild, walioletwa huko miaka ya 1970 ili kuokoa kizazi chao. Miguu yao chini ya goti ni myeupe bila mabaka, kana kwamba wamevaa soksi. Mwanafunzi aliyetembelea mbuga zote mbili anaweza kutofautisha twiga hao bila kitabu.

Lugha ya mwili wa mnyama

Kanuni moja hubeba nyingine zote: mnyama akibadili alichokuwa akifanya kwa sababu ya mtu, mtu huyo amekaribia mno. Swala aliyekuwa akila akiinua kichwa na kukazia macho, huo ni wakati wa kusimama. Akigeuza mwili, ni wakati wa kurudi nyuma. Picha nzuri hupatikana kwa kusubiri mnyama azoee, si kwa kumfuata.

Punda milia huonekana mpole kama punda wa nyumbani, lakini teke lake huvunja mfupa na meno yake huuma kwelikweli. Anapolaza masikio nyuma, ameonya.

Nyati ndiye anayehitaji heshima kubwa zaidi Hell's Gate. Kundi kubwa la majike na ndama kwa kawaida huondoka likisikia watu. Wa kuogopwa ni dume mzee aliyejitenga, ambaye hupenda kulala kichakani au kwenye mabonde yenye kivuli. Hana kundi la kumwonya, kwa hiyo hushtuka mtu akiwa tayari karibu, naye hushambulia. Anayetembea aepuke vichaka vinene na abaki barabarani au kwenye uwanda wazi. Akimwona nyati amesimama akimtazama kwa kichwa kilichoinuliwa, arudi nyuma polepole bila kumpa mgongo, akitafuta gari, mti au mwamba wa kupanda. Kupiga kelele au kumrushia mawe ni kuchokoza vita ambayo binadamu hawezi kuishinda.

Upepo nao ni wa kuangaliwa. Vumbi kidogo likirushwa hewani huonyesha unakoelekea. Upepo ukitoka kwa mtu kwenda kwa mnyama, mnyama hunusa mapema na kuondoka. Ukitoka kwa mnyama kuja kwa mtu, mtu ataona mengi, lakini pia anaweza kumgutusha mnyama ambaye hakujua ujio wake. Katika hali hiyo ya pili ni salama zaidi kuzungumza kwa sauti ya kawaida unapokaribia kona au kichaka.

Nyani wasilishwe kamwe. Nyani aliyepewa mkate leo atampokonya mtoto begi kesho, na mwisho wa hadithi hiyo mara nyingi huwa nyani kuuawa.

Korongo la Ol Njorowa: mvua isiyoonekana

Mwisho wa barabara kuu ya mbuga kuna korongo la Ol Njorowa, lenye kuta ndefu na nyembamba zinazowavutia wapiga picha. Korongo hilo lilichongwa na maji. Maelfu ya miaka iliyopita Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na la kina kuliko leo, na maji yake yalifurika kuelekea kusini kupitia hapa. Ziwa lilipopungua, njia ya maji ilibaki kavu.

Ukavu huo ndio mtego. Mvua inaponyesha kwenye milima na miteremko iliyo mbali, maji yote hukusanyika kwenye mifereji na kuingia korongoni kwa pamoja. Mtu aliye chini anaweza kuona anga la buluu juu yake huku gharika ikija nyuma ya kona. Kuta ni wima na hakuna pa kukimbilia. Aprili 2012, vijana wa kanisa waliokuwa matembezini walisombwa na maji humo na baadhi yao wakapoteza maisha. Septemba 2019, watu 7 walifariki kwa namna hiyo hiyo, akiwemo mwongozaji mwenyeji aliyelijua korongo. Ujuzi wake wa njia haukuweza kuzuia maji.

Kutokana na misiba hiyo, masharti haya hayana msamaha:

- Hakuna anayeshuka korongoni kabla ya kuuliza askari wa KWS siku hiyo hiyo kama kunaruhusiwa. Kuruhusiwa mwezi uliopita si kuruhusiwa leo.
- Kukiwa na mawingu mazito upande wowote wa upeo wa macho, au mvua ilinyesha usiku, kikundi kibaki juu.
- Maji yakibadilika rangi, yakianza kubeba majani na vijiti, au kukisikika mngurumo, watu wapande juu mara moja na kuacha mizigo.
- Kiongozi wa kikundi awe na orodha ya majina, ahesabu watu kabla ya kushuka na baada ya kupanda.

Baadhi ya chemchemi katika eneo hili hutoa maji ya moto yanayoweza kuunguza. Joto hilo la ardhini ndilo linaloendesha mitambo ya umeme ya Olkaria, ambayo ilianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Mgeni ataona mabomba makubwa yakipita porini, na mahali pengine yameinuliwa kama mlango ili twiga na wanyama wengine wapite chini yake. Kwa mwalimu wa sayansi, hapo pana somo la nishati na la uhifadhi kwa wakati mmoja.

Alasiri: Ziwa Naivasha na jirani aitwaye kiboko

Baada ya chakula cha mchana, familia nyingi huteremka ziwani. Ziwa Naivasha, lililo karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, ndilo la juu zaidi kati ya maziwa ya Bonde la Ufa nchini. Maji yake ni matamu, jambo ambalo huwashangaza wanaojua kwamba Nakuru na Elementaita ni ya magadi. Mito ya Malewa na Gilgil huleta maji ziwani, na ingawa hakuna mto unaotoka, maji hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi yake.

Juu ya migunga yenye gome la manjano hukaa tai mvuvi, mwenye kichwa cheupe na mlio unaosikika mbali. Mnandi huanika mabawa yake kwenye magogo yaliyo majini. Mdiria mweusi na mweupe huelea hewani akipigapiga mabawa kabla ya kujitupa majini kama jiwe. Anayepanda boti adai jaketi la kuokoa maisha linalomtosha kabla boti haijaondoka, na mtoto apewe la kipimo chake.

Kiboko mkubwa huwa na uzito unaozidi kilo 1,500, na kwa usiku mmoja anaweza kula takriban kilo 40 za nyasi. Mchana hukaa majini kulinda ngozi yake dhidi ya jua, na usiku hutoka kulisha. Nchi kavu hukimbia kwa kasi inayofikia kilomita 30 kwa saa, kuliko watu wengi. Anapofungua kinywa wazi, wengi hudhani anapiga miayo, kumbe anaonyesha meno yake kama onyo.

Hatari kubwa hutokea katika hali 3: mtu akisimama kati ya kiboko na maji, mtu akimkaribia jike mwenye mtoto, na mtu akitembea njia za viboko kabla ya mapambazuko au baada ya giza. Njia hizo hutambulika kwa nyasi zilizolala, mfereji wa mikondo miwili iliyoachana, na kinyesi kilichotapakaa vichakani. Anayeziona asikae hapo, hata kama ni mahali pazuri pa kutandika mkeka.

Suala hili limekuwa zito zaidi kwa sababu maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda tangu takriban mwaka 2010. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Naivasha yaliingia nyumba za mtaa wa Kihoto na kufukuza familia. Maji yakisogea, malisho ya kiboko huzama, naye husogea pamoja na maji hadi kwenye bustani na vichochoro. Wavuvi wanaoingia majini kwa miguu wakisukumwa na njaa ndio walio hatarini zaidi. Kuacha ukanda wa ufuo bila majengo wala mashamba humpa mnyama huyo mahali pa kulisha bila kukutana na mtu.

Kwa walio mjini Nakuru: ziwa lisilo na mlango

Wasioweza kufika Naivasha wana somo karibu nao. Ziwa Nakuru lilikuwa na upana wa takriban kilomita 40 za mraba mwaka 2010, na kufikia mwaka 2020 lilikuwa limepita 60. Lango kuu la zamani la mbuga lilimezwa na maji. Flamingo wadogo, ambao Kiswahili huwaita heroe, hula viumbe vidogo vya kijani vinavyostawi katika maji ya magadi. Maji mengi ya mvua yalipopunguza makali ya magadi hayo, chakula kilipungua na makundi makubwa yakahamia kwingine, hasa Bogoria. Kwa hiyo rangi ya waridi ufuoni ni kipimo cha hali ya maji.

Mwari mweupe anasimulia hadithi tofauti. Hutaga kwenye visiwa vya mawe vya Ziwa Elementaita, kisha huruka hadi Ziwa Nakuru kutafuta samaki. Ziwa moja likiharibika, ndege wa maziwa yote mawili huteseka. Ndiyo maana Bogoria, Nakuru na Elementaita ziliorodheshwa pamoja mwaka 2011 kama Turathi ya Dunia.

Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Chupa iliyotupwa kwenye mtaro wa mtaa wowote wa jiji inaposombwa na mvua, huelekea huko, na haina njia ya kutoka. Vivyo hivyo kwa mafuta ya gereji na maji machafu. Mkazi asiyewahi kuingia mbugani huigusa mbuga hiyo kila mvua inaponyesha.

Jioni: kutoka na kuripoti

Safari ya kurudi ianze mapema ili kila mtu awe nje ya lango kabla ya saa kumi na mbili jioni. Wakati wa machweo kifutu, nyoka mnene anayetambaa polepole, hupenda kulala njiani penye joto. Hatoroki akisikia hatua, hivyo tochi na macho ya chini ni muhimu.

Aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, pete na bangili ziondolewe, na apelekwe hospitalini bila kuchelewa. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, wala lisifungwe kwa kamba ya kukaza. Muda unaopotea kwa dawa za kienyeji ndio unaogharimu mguu au maisha. Nambari za dharura za 999 na 112 hupigwa bila malipo.

Mnyamapori akijeruhi au kuua mtu kijijini au mtaani, tukio liripotiwe haraka katika kituo cha KWS kilicho karibu na kwa chifu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ilitaja fidia ya Sh5 milioni kwa kifo, Sh3 milioni kwa jeraha linaloleta ulemavu wa kudumu, na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Madai hupitia kamati ya wanyamapori na fidia ya kaunti. Familia ihifadhi ripoti ya polisi, stakabadhi za hospitali na picha za mahali pa tukio, kwa kuwa dai lisilo na ushahidi huchukua muda mrefu au hukwama.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika vilabu vya mazingira

1. Taja njia 2 za kutofautisha swala tomi na swala granti.
2. Kwa nini korongo linaweza kujaa maji ilhali anga lililo juu yake halina wingu?
3. Eleza kwa nini maji ya Ziwa Naivasha ni matamu na ya Ziwa Nakuru ni ya magadi.
4. Ni mahali gani katika mtaa wenu ambapo taka husombwa na mvua? Fuateni mtaro huo kwa miguu mkiwa na mtu mzima, na mwandike unakoishia.
5. Kikundi chenu kimekutana na nyati dume peke yake, mita 80 mbele, upepo ukielekea kwake. Nani afanye nini, na kwa mpangilio gani?

Walimu na viongozi wa vikundi wanashauriwa kupitia maswali ya pili na la tano pamoja na washiriki wote kabla ya siku ya safari. Mtoto asiyeweza kuyajibu bado hajawa tayari kwenda, na siku moja zaidi ya kumfundisha ni bora kuliko kuharakisha.